Taa ya Mchana Kweupe

Benchi la kinyozi ni ubao mmoja tu juu ya matofali, pale njia ya zahanati inapokutana na lami. Saa nne asubuhi Mama Birika huwasha jiko lake la kahawa hapo, na wenyewe hujikusanya: Wembe, kinyozi mwenyewe, Spoku, fundi baiskeli, na Sampuli, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kazi yake ni kupeleka chupa za damu kwa baiskeli kutoka zahanati hadi maabara. Siku hiyo Sampuli alikuja na bendeji kiwikoni. Jana yake, jua likiwaka, pikapu ilimsukuma mtaroni. Chupa zilipona. Dereva alishuka, akasema neno moja tu: sikukuona. Mke wa Sampuli alipolisikia hilo naye akasema lake: ama taa, ama baiskeli ya kazi irudi zahanati.

— Taa mchana? — Wembe alicheka. — Shemeji anataka kulisaidia jua? Mwenye macho haambiwi tazama!

— Angekuwa na macho huyo, — Mama Birika alimjibu akimimina, — mwenzako angelala mtaroni?

Sampuli alipuliza kahawa yake. Kiwiko kilikuwa kinampwita.

Spoku akatoa taa mbili mfukoni mwa ovaroli. Moja kubwa kama kikombe, nyingine ndogo kama kiberiti, na ukanda wa mpira wa kufungia.

— Chukua kubwa, — Wembe alisema. — Mkubwa ni jalala.

— Jalala ndiyo nini hapo? — Spoku alishangaa. — Hiyo kubwa ni ya kukuonyesha njia gizani. Hii ndogo ni ya wewe kuonekana. Unaichaji kwa chaja ya simu.

— Sasa si uweke kioo changu cha saluni mgongoni? Dereva ajione mwenyewe. Nani atajigonga?

— Atasimama kuchana nywele, — Mama Birika alisema.

— Mimi ningempa ya bluu, — Spoku naye akanogewa. — Madereva wakiona bluu wanadhani askari. Wote wananyooka.

— Na askari mwenyewe akiiona? — Wembe aliuliza.

— Hapo ndipo mpanda ngazi hushuka, — Spoku alisema.

Mama Birika aliweka birika chini. Alikuwa na nadharia yake.

— Nyinyi hamjui. Dereva wa siku hizi hamwoni mtu. Anaona simu. Kinachowaka-waka tu ndicho anachogeukia.

— Basi iwe inalia pia! — Wembe alirukia. — Ing'ae, ilie, dereva adhani kaingiziwa mshahara!

Walicheka mpaka benchi likayumba. Sampuli alitabasamu, lakini safari yake ya pili ilikuwa saa tano, na sanduku la chupa lilimngoja kando ya benchi.

— Jamani, — alisema taratibu, — mimi nataka kufika tu.

Spoku akainuka, akazifunga taa zote mbili nyuma ya baiskeli, akaisukuma juani mpaka kwenye nguzo ya mwisho ya mtaa. Kubwa ilikuwa inawaka mfululizo, ndogo ikiwaka na kuzima: mara mbili haraka, inatulia, mara moja tena.

— Mnaona nini? — alipaza sauti.

Wembe alikinga jua kwa kiganja.

— Kubwa naona plastiki tu. Jua limeimeza. Lakini hako kadogo… kananichokoza macho!

— Sasa weka sanduku, — Sampuli alisema, akimpelekea.

Spoku aliliweka kwenye keria. Mweko ukapotea: sanduku lilikuwa limeifunika taa ndogo iliyofungwa chini ya kiti. Spoku akaifungua, akaifunga nyuma ya sanduku lenyewe, akainyoosha isitazame chini. Ikaonekana tena, nyekundu, kali.

— Nyota njema huonekana asubuhi, — Wembe alisema. Kwa mara ya kwanza mwaka ule methali yake ilikaa mahali pake, naye hakujua.

Spoku na Sampuli waliporudi na baiskeli, dada mmoja aliyekuja kununua kahawa alikuwa amesimama akisikiliza.

— Shikamooni. Samahani, mimi najifunza kuendesha gari, nina wiki ya pili. Huyo dereva wa jana alikuwa anaangalia wapi?

— Simu! — Wembe alisema.

— Pembeni, — Spoku alisema.

Wakamgeukia Sampuli. Hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Alikizungusha kikombe kitupu kiganjani.

— Alikuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anatoka kwenye kona, macho yetu yakakutana. Kisha akaja.

— Sasa mtu anakutazamaje asikuone? — dada aliuliza.

Spoku alishika spana, akainamia usukani wa baiskeli. Mama Birika alichochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

Sampuli alishukuru, akapanda baiskeli, akawasha na taa ya mbele ambayo Spoku alimfungia bila kuombwa. Aliponyoosha mkono kuonyesha anakata kona, aligeuka nyuma kuangalia magari. Hapakuwa na gari. Kulikuwa na watu wanne waliosimama kando ya benchi, kahawa zao zinapoa, wakimtazama yeye.