Mstari Mweupe Mgongoni kwa Mama Placidia

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani, shikamooni, mimi ni Kyomugisha, binti wa kwanza wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, mniwie radhi nikifunua karatasi polepole, maana mkono wa kulia, kama mnavyouona, uko kwenye plasta.

Mama yetu, Placidia Ainembabazi, alizaliwa Rugera, Karagwe, tarehe 12 Machi 1954, akasoma huko huko hadi darasa la nne mwaka 1966, akabaki nyumbani kulima, na tarehe 19 Agosti 1972 akafunga ndoa na baba yetu, marehemu Methodius Twinomujuni wa hapa Kimuli, wakajaliwa mabinti wanne na kaka yetu Lameck, tuliokuzwa kwa ndizi, kahawa na ukali wake, kwani mama hakumvumilia mzembe, hata mgeni akikaa siku ya pili alipewa jembe.

Lameck ameniomba sehemu ya ugonjwa niipitie haraka, niseme ni presha basi, lakini naogopa, kwa hiyo nitaisoma yote.

Mwaka 2003 mama alikoma hedhi, wazee mtanisamehe kulitaja, na miaka iliyofuata akaanza kupungua kimo bila sisi kuelewa, akawa anamgombeza fundi cherehani kwamba anamshonea magauni ya kuburura, mwaka 2014 akateleza shambani akavunjika mkono, mwaka 2021 akavunjika mbavu kwa kuinua tu debe la kahawa, nasi tukasema uzee huo, tukampa maziwa na supu ya makongoro yenye chumvi ya kutosha.

Septemba 2024 mgongo ulipomzidi tukampeleka hospitali, akapigwa picha, daktari akatuonyesha pingili za uti wa mgongo zilizobonyea na kufifia, na mbele yake mstari mweupe niliodhani ni mfupa mwingine, kumbe ni mshipa mkubwa wa damu, umeshika chokaa. Akatueleza kwamba kwa wanawake waliokoma hedhi mambo haya mawili mara nyingi huandamana, mifupa inapungukiwa madini huku mishipa inakakamaa, kwamba wataalamu bado wanachunguza kwa nini, ila mwanamke anayevunjika kirahisi asikae bila kupimwa presha na moyo. Presha ya mama ilikuwa juu mno, akapewa dawa, akazimeza mpaka mgongo ulipotulia, kisha akaziacha, akisema kilichokuwa kinamuuma kimepona.

Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025 alikuwa akimenya ndizi, kisu kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, na tarehe 11 akafariki kwa kiharusi.

Mimi nina miaka hamsini na miwili, siku zangu zilishakoma, na mkono huu ulivunjika mwezi uliopita nikinyanyua mkungu mdogo tu, nesi akanitaka nirudi kupimwa presha, sikurudi, kwa sababu nauogopa ule mstari, naogopa kuambiwa kwamba na mimi ninao.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kimuli na Kibingo waliotuletea kuni na ndizi, na akina mama aliouza nao kahawa. Nanyi wadogo zangu watatu mlioko hapo mkekani, Adelgunda ukiwamo unayelalamikia mgongo tangu Pasaka, Jumatatu tunakwenda kupimwa wote wanne, na Lameck atatusindikiza mpaka mlangoni, maana mimi nikiachwa peke yangu nitarudia njiani.

Mama, mgongo wako sasa upumzike kwa amani, sisi tunaogopa, lakini tutakwenda.