Buti la Kushoto

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu. Lina miguu mitatu ya mbao na wa nne ni tofali. Hapo huwa tunazima mioto yote ya dunia kwa kikombe kimoja cha kahawa, ila huu wa mlimani ulitushinda. Siku sita msitu uliungua, moshi ukatushukia hadi nguo kwenye kamba zikanuka, na watu wa vitongoji vya juu wakahamia kwenye madarasa ya shule na magodoro yao. Asubuhi ile habari ikaja kwamba umezimwa. Watu walisalimiana kama waliotoka kuugua. Mimi nilikuwa bado sijapumua. Mke wangu ni askari wa misitu, alipanda na kikosi siku ya kwanza, na mabuti aliyopanda nayo niliyatia soli mimi. La kulia nililishona kwa uzi wa nta, mzunguko mzima. La kushoto nililianza, benchi likaanza ubishi, nikaacha sindano nikaingia ubishini. Gari la kikosi lilipopiga honi, nikamalizia kwa gundi. Fundi yeyote anajua gundi ikikutana na jivu la moto inakuwaje. Sikumwambia yeye, wala sikumwambia mtu.

— Ndege, — alisema Wembe, kinyozi wa jirani, taulo begani, mteja wake kamwacha kitini kanyolewa nusu. — Msinibishie. Ndege ndiyo imeuzima.

— Ndege ipi? — aliuliza Bi Birika, muuza kahawa wetu. — Ile ilipita mara moja, ikapiga picha, ikaenda zake.

— Ilimwaga maji!

— Ilimwaga kivuli.

Antena akakohoa. Huyu ni fundi redio mstaafu, na kila methali kwake hupewa kazi isiyo yake.

— Nyie hamkusoma. Dalili ya mvua ni mawingu, sivyo? Moshi ulipanda, ukawa wingu. Wingu likashusha mvua. Moto umejizima wenyewe, kwa ujinga wake.

— Kwa hiyo kila kiangazi tuwashe mwingine tupate mvua? — aliuliza Wembe.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inahusiana na nini?

— Itahusiana tu. We subiri.

Nilichungulia barabara. Hakuna gari. Mkononi nilikuwa na kiatu cha mteja, nagonga msumari uliokwishaingia zamani.

— Fundi, unakiua hicho kiatu, — alisema Bi Birika. — Mkeo atashuka. Si wametangaza hakuna aliyekufa?

— Wametangaza hakuna aliyekufa. Hawajatangaza hakuna aliyeungua mguu.

— Mguu? Kwa nini mguu?

Nikainamia sanduku la misumari.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! — Antena alidakia, bila sababu yoyote. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Birika akamimina kahawa, akaketi. Akiketi, jua ana hoja.

— Mimi niwaambie kilichouzima. Mbuzi. Mbuzi wa mama mkwe wangu wamekula nyasi kavu zote chini ya mlima tangu mwezi uliopita. Moto umefika pale ukakuta sahani zimelambwa. Ungekula nini? Ukafa njaa.

— Mbuzi! — alisema Antena.

— Wapewe sare wale.

— Na filimbi, — alisema Wembe.

— Filimbi wataitafuna.

— Ngojeni, — alisema Antena, akishusha sauti. — Sikutaka kusema hili. Siku ya nne niliwasha redio zangu zote kumi na moja, nikazielekeza mlimani. Mawimbi yanasukuma upepo, hiyo ni sayansi. Ilipofika saa kumi, upepo ukageuka. Mtanieleza nini?

— Ulikuwa unasikiliza mpira wewe! — alisema Bi Birika.

— Kipindi cha kwanza tu! Cha pili nilikuwa kazini.

Hapo mteja wa Wembe akatoa kichwa mlangoni, upande mmoja msitu, upande mmoja umeshaungua.

— Jamani kinyozi, na mimi je?

Tulicheka mpaka benchi likayumba kwenye tofali lake. Kilikuwa kicheko cha watu walioogopa siku sita, kikitafuta pa kutokea. Hata mimi nilicheka, ila jicho lilibaki barabarani.

Ndipo gari la kikosi likasimama kwenye kona. Wakashuka na majembe, nyuso nyeusi, macho mekundu. Mke wangu alishuka wa mwisho. Uso wake sikuutazama, nilitazama chini. Kulia, buti. Kushoto, buti lililofungwa waya mizunguko minne. Alikuwa akichechemea, lakini alikuwa anakanyaga. Mungu wangu, alikuwa anakanyaga!

Bi Birika aliweka birika chini, akamkumbatia na masizi yake yote.

— Pole mwanangu. Keti, keti hapa.

— Shemeji, tuamulie, — alisema Wembe. — Ni ndege au ni mbuzi?

— Majembe, — alijibu, sauti imekauka. — Siku tano tumekata njia ya kuuzuia usivuke. Jana mvua ikatusaidia robo saa. Hata sasa wenzetu wako juu wanapapasa udongo kwa mgongo wa mkono. Pakiwa na joto, wanafukua mizizi, maana moto hujificha humo.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — alisema Antena, kama aliyekuwa akisema hivyo tangu asubuhi.

Mke wangu akafungua waya, akavua buti, akaniwekea mapajani. Soli ilining'inia.

— Nilibandika, — nilisema mbele ya wote. — Nilijua haitahimili, nikanyamaza. Nisamehe, mama watoto. Siku sita sijalala.

— Siku ya pili ilifunguka nikiwa katikati ya jivu. Mwenzangu alinivuta, akaifunga kwa waya wa uzio. Kamanda akaniondoa mbele, akanipeleka mtoni kulinda pampu. Nililia kwa hasira, nikakutukana wewe na ukoo wako.

Akavua soksi. Malengelenge mawili chini ya kidole gumba, basi. Niliushika ule mguu kwa mikono miwili, machozi yakanitoka, na sikujali nani ananitazama.

Yeye alikuwa anachunguza buti, akipitisha kidole kwenye mshono.

— Hapa ulishona vizuri. Halafu hapa, katikati ya tundu, ukaacha. Nini kilikuita?

— Ubishi wa benchi.

Akawageukia wenzangu mmoja mmoja, bila hasira, kama anayeuliza njia.

— Mlikuwa mnabishania nini siku hiyo?

Wembe alimtazama Antena. Antena alimtazama Bi Birika. Bi Birika alifunua kifuniko cha birika, akachungulia ndani.

— Lilikuwa jambo kubwa, — alisema Wembe.

— Kubwa sana, — alisema Antena. — Mimi nilikuwa nakataa.

— Ulikuwa unakataa nini? — aliuliza mke wangu.

— Hilo ndilo nimelisahau, — alisema Antena.

Nikachukua sindano, nikapaka uzi nta, nikaanza pale nilipoishia. Safari hii sikuinua kichwa mpaka nilipofunga fundo.