Nani Ameiba Huile ya Boîte?

Pale Makiso, nyuma kidogo ya bandari, Mama Orpha huuza kahawa chini ya kibanda cha mabati, na mbele ya birika lake kuna benchi refu lililobonyea katikati kwa kukaliwa. Upande wa barabara hukaa Commissaire, ambaye hajawahi kuvaa sare ya polisi hata siku moja. Karibu na birika hukaa Yunus, fundi cherehani, anayeitwa Radio kwa sababu hazimiki. Asubuhi ile Nzanzu, mfanyabiashara wa chumvi na sabuni, alifika kwa miguu, jasho likimtoka, na wote wawili wakasogea kumpa nafasi. Nzanzu bila jeep yake ilikuwa habari tosha.

— Papa Nzanzu, jeep iko wapi?

— Kwa Elisée, mécanicien. Tunafanya vidange, tunabadilisha huile, mafuta ya vyuma. Ya moteur hapana. Ya pont ya mbele, pont ya nyuma, zile zinazungusha magurudumu, na transfert.

— Transfert njo nini? Radio aliuliza.

— Boîte kidogo, nyuma ya boîte ya vitesse, ile ya magia. Inatumaka nguvu mbele na nyuma, unatoka mu matope.

— Bon. Na hiyo sura, njo ya nini?

Nzanzu alipiga funda la kahawa, likamuunguza ulimi.

— Ma-pont iko sawa. Lakini kufungua transfert, huile inatoka, inatoka, mupaka beseni inafurika. Kufungua boîte ya vitesse, Elisée anatia kidole, hakuna kitu. Ile kubwa iko na njaa, ile kidogo imeshiba kupita kipimo.

Commissaire aliweka kikombe chini taratibu.

— Mutu alishika boîte. Nani iko na clé ya gari?

— Miye. Na Lukumani, dereva wangu.

— Alors!

Nzanzu aliinamisha kichwa. Lukumani ndiye aliyelala usiku kucha chini ya jeep njia ya Bafwasende, mvua ikinyesha, baada ya kuvua koti lake na kufunika magunia ya chumvi. Jambo hilo lilikuwa likimchoma tangu atoke gereji.

— Nimesha munyanganya clé, alisema kwa sauti ndogo. Nimemwambia aende kwao Lubunga, ng'ambo ya mto.

— Umefanya vizuri! Anauzishaka huile kule Lubunga, chupa kwa chupa.

— Hapana, Commissaire, Radio alidakia. Kuuzisha ni kidogo. Kuko mutu amemutuma. Boîte ikufe njiani, chumvi ya papa ichelewe, ile mutu auzishe yake kwanza.

— Donc Elisée pia iko ndani! Banaua jeep pamoja, kisha banainunua kama vyuma vya kutupa.

— Na huile yenyewe banachanganya na mawese, bamama banapakaa ku nywele!

Mama Orpha alijishika kitambaa cha kichwa kabla hajajizuia. Nzanzu hakucheka. Kila neno lilimpa nafuu kidogo, maana lilimwonyesha kwamba hakukosea.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale na termosi, akingoja kujaziwa. Hakuna aliyemjua, baadaye walisikia anaitwa Nyota.

— Pardon, batonton, alisema. Kama njo mwizi, juu ya nini ameacha huile ndani ya gari ileile?

Radio aligeuka kumtazama Commissaire.

— Ile… ni mbinu, Commissaire alisema.

— Mbinu ya nini?

Commissaire alitazama barabara, kana kwamba jibu lingepita na toleka, baiskeli ya abiria.

Nzanzu alitoa simu.

— Elisée, katikati ya boîte na transfert, kuko njia?

— Kuko joint, papa, mupira ya kuziba. Imezeeka. Huile inatoka huku, inaingia kule, polepole. Nilianza kukuelezea, ukaondoka na hasira.

Nzanzu hakuaga mtu. Aliteremka mbio hadi mtoni, akamkuta Lukumani ameshaketi ndani ya pirogi, mfuko wake kando yake kwenye ubao, macho yake ng'ambo.

— Lukumani, shuka. Haukuiba kitu.

— Miye nilijua tangu asubuhi, papa.

— Nisamehe. Clé njo hii.

Lukumani hakunyoosha mkono.

— Nimesha piga simu kwetu. Mama anajua kama umenifukuza juu ya wizi. Majirani bamesikia. Nikirudi na clé, batasema nimekulilia ukanionea huruma.

Mwenye pirogi alishika kafi. Nzanzu alitazama tope la ukingoni, kisha akaingiza mguu wake wenye kiatu cha ngozi majini na kupanda.

— Sogea kidogo. Nitamwambia mama yako miye mwenyewe, mbele ya majirani.

Lukumani aliondoa mfuko wake kwenye ubao, akaupakata.