Sista Ghati na Mkono wa Mzee Hatungimana

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuuguza, Sista Ghati Nyamhanga anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Wodi ya wanaume itabaki na vitanda vyake na dirisha lake lisilofungika, nasi hatujui bado ni nani atakayetukemea.

Alitoka Tarime akiwa binti, akapangiwa Kibondo, akawaaga wazazi kwamba atakaa kidogo kisha ataomba uhamisho. Uhamisho alioupata ukamleta Kasulu. Enzi za Kibondo alipanda pikipiki kwenda kuchanja watoto Busunzu, masika na kiangazi. Safari moja yeye na dereva walianguka mtoni. Sanduku la chanjo alilikumbatia, viatu vikaenda na maji. Kiha alifundishwa na wagonjwa wenyewe. Hadi leo anakizungumza kwa lafudhi ya Kikurya, na wazee humwacha amalize ndipo wacheke.

Lakini kilichotufanya tumheshimu hakichekeshi, na mwenyewe ameniomba nisikiache nje ya wasifu huu.

Miaka michache iliyopita aliletwa Mzee Hatungimana, mkulima wa maharage kutoka Heru Juu. Kiharusi kilikuwa kimempooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Presha ilikuwa juu mno, daktari akaagiza dawa ya kuishusha ipite mshipani kwa dripu. Mkono wa kulia haukuhisi kitu, hivyo kanula, kile kijineli cha plastiki kinachoachwa mshipani, ikawekwa kwenye wa kushoto, mkono pekee uliomsalia.

Mzee akaanza kuusugua mkono ule kwenye chuma cha kitanda, akitaka kuing'oa dripu. Sote tulidhani amechanganyikiwa, kama wagonjwa wengi wa kiharusi. Dawa ikikatika, presha ingepanda tena. Sista Ghati akachukua bandeji, akaufunga mkono kitandani, akaufunika kwa kitenge usipate baridi. Hakuna muuguzi aliyempinga, maana ndivyo tulivyozoea kufanya.

Aliyekataa ni Mama Niyonsaba, mke wa mzee. Alisema taratibu, "Sista, huyu nimekaa naye tangu ujana. Akichanganyikiwa namjua. Hapa hajachanganyikiwa, anashitaki."

Sista Ghati akakifunua kitenge. Kutoka penye kanula hadi karibu na kiwiko mshipa ulikuwa umevimba, mwekundu, wa moto, mgumu kama kamba. Dawa ilikuwa ikiuunguza. Mtu asiyeweza kusema alitumia kitu pekee alichobaki nacho kutuambia, nasi tukakifunga.

Aliikata bandeji, akaitoa kanula, akamwita daktari. Dawa ikazimuliwa zaidi, ikapitishwa kwenye mshipa mnene wa mkono uliopooza, na Sista Ghati akavuta kiti akaketi kuutazama, kwa kuwa mkono ule usingelalamika. Kisha akamwomba radhi mzee mwenyewe, si mkewe tu, akimtazama usoni. Nilikuwapo, na sijawahi kuona mkuu wa wodi akifanya hivyo.

Uvimbe ulichukua wiki kadhaa kuisha, na tuliogopa kwamba mzee angerudi kwake bila hata mkono wa kushikia kijiko. Mkono ukapona. Maneno hayakurudi. Alipokuja kliniki, muuguzi mwingine alitaka kumpima presha, mzee akauficha mkono chini ya koti hadi Sista Ghati alipoingia. Kwake aliunyoosha.

Tangu hapo, wodini kwetu hafungwi mgonjwa kabla mshipa wake haujatazamwa na kuguswa, na ndugu wanaouguza huelezwa kwamba mkono wenye dripu haufunikwi. Wauguzi wapya humwona mkali kwa hili, na ni mkali kweli. Ukiisahau chai yake ikapoa atakusamehe. Mkono uliofunikwa hatakusamehe.

Sista Ghati, asante kwa miguu uliyoichosha kwa ajili ya watu wa Kibondo na Kasulu, na asante kwa kukosea mbele yetu bila kujificha. Tunakuombea mapumziko marefu, shamba linalozaa na wajukuu wasiokuacha ukalala mchana. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, ukalala wewe kitandani na maneno yakakuishia, umpate muuguzi atakayekifunua kitenge.

Kasian Venanti
Muuguzi, Wodi ya Wanaume