Anayebeba Hayuko

Kwenye foleni ya gari la kwenda Illasit pale Kitengela, Mutinda alifungua katoni, macho yakimuuma. Wiki nzima alikuwa akipaka rangi visanamu vya askari wa vita vya 1914, oda ya mteja anayecheza mchezo wa vita mezani.

“Mmoja, wawili…”

“Usihesabu watu,” mama wa Kimaasai akamkanya kutoka nyuma.

“Ni plastiki, mama.”

“Mimi hata ng’ombe sihesabu. Naangalia tu, najua nani hayuko.” Akachungulia bila kuombwa. “Huyu analenga, huyu yuko na risasi, huyu ni wa kuamuru kwa kidole. Na hiyo bunduki kubwa ilibebwa na nani?”

Babu wa baba yake Mutinda alichukuliwa akabebe mizigo ya vita hivyo, hakurudi. Mutinda akafunika katoni.

“Huyo hakuagizwa, mama.”

Foleni ikasonga.