Nyayo za Siku za Kusini Kurudi

Mwezi wa tatu kuta za Guangzhou zilianza kutoka jasho. Siku hizi tunaziita Kusini Kurudi: upepo wa joto huingia katika nyumba ambazo bado zina baridi, na vigae vya sakafuni hulowa. Benchi la mbele ya duka la chai la Bi Saukam nalo lilikuwa limelowa, tukakalia magazeti. Tulikuwa watatu: mimi, Goti, ambaye magoti yake hutabiri mvua, na Mzee Hok, tuliyemwita Dirisha, maana mtaa mzima ulikuwa umefunga madirisha ya kusini, yeye akaliacha lake wazi.

Goti alimsuta. Picha pekee ya marehemu mke wa Hok ilikuwa imeanza kuota ukungu. Siku mbili zaidi, uso utakuwa umekwisha.

— Najua, kaka, Hok akajibu. Lakini kila asubuhi nakuta nyayo sakafuni. Ndogo. Mguu wa kushoto unaburuzwa.

Mkewe alikuwa akiuburuza mguu wa kushoto.

Goti akasema ni paka. Hok akamuuliza ni paka gani mwenye vidole vitano. Basi ni wewe, unatembea usingizini, akasema Goti, na Hok akanyoosha mguu wake, mpana kama pasi ya mkaa. Bi Saukam, akimimina chai, alisema kigae hakiusahau mguu uliokikanyaga miaka arobaini, na jasho huirudisha alama yake. Goti akakuna goti.

— Labda jina la siku hizi hatukulielewa. Tunasema Kusini Kurudi, lakini anayerudi hasa ni nani?



Bi Qiu, mpangaji mpya kutoka kaskazini, alikuwa amesimama kando na chupa yake ya chai, akitusikiliza.

— Samahani, mzee. Hizo nyayo zinatoka dirishani, au zinaelekea dirishani?

Wiki nzima Hok alikuwa amezitazama, na hilo hakuliangalia. Kama zinatoka, akifunga dirisha atakuwa amemfungia mkewe nje. Kama zinaelekea, amemfungia ndani.

— Kaangalie sasa hivi, Goti akamwambia. Magoti yameacha kuuma. Adhuhuri upepo wa kaskazini utakausha kila kitu.

Hok aliacha chai yake, akavuka njia. Tukainua macho kuliangalia dirisha lake, ghorofa ya tatu, alikoishi peke yake. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kambani. Dirisha likafungwa polepole, kisha tukasikia komeo.

Chini, mlangoni, Hok alikuwa bado anatafuta ufunguo mfukoni.