Nilivyomeza Vidonge vya Mimba Nikiwa Sina Mimba

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe hata chini ya jua hili la Garissa linalotukaanga!

Mimi ni Mama Mwende, mke wa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliishi Habaswein. Chakula kilikuwa wali, nyama, maziwa ya ngamia na chai. Mboga za majani tulizisikia tu redioni.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Hakuishi. Ndugu zangu, nilimkasirikia Mungu, na nilimwambia hivyo!

Daktari aliniuliza nilianza kliniki lini. Nikasema, tumbo lilipoonekana. Kwetu Ukambani mimba changa haitangazwi, unaificha chini ya leso. Akanieleza kwamba mgongo wa mtoto hufunga mwezi wa kwanza wa mimba, mama akiwa bado hajijui. Akaniandikia vidonge vya foliki, vitamini iliyomo pia kwenye mboga za majani, nivimeze kabla ya kushika mimba tena. Hakuniahidi mtoto. Alisema vinapunguza hatari.

Mume wangu akakataa. "Hiyo ni kumtangulia Mungu." Nikamuuliza, "Mwalimu, kwani shamba letu kule Ukambani tunalilima mvua ikishakwisha?" Akaniletea maji ya kumezea. Tangu hapo yeye ndiye aliyenikumbusha kidonge kila asubuhi!

Nikapanda kunde nyuma ya nyumba, nikizimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Jirani yangu Halima, Msomali asiyetamka "p", alinicheka: "Wallahi, hii ni chakula ya mbuzi! Wewe nataka kuota bembe?" Mbuzi wake wakaingia, wakazimaliza zote. Nilimfokea, jamani! Lakini alipojua sababu, aliniagizia mbegu nyingine kwa lori la Garissa, na akawafunga mbuzi wake.

Mimba ilipokuja niliogopa hata kufurahi. Mtoto alipozaliwa, nilipapasa mgongo wake kabla sijauliza kama ni msichana au mvulana. Mgongo mzima! Haleluya! Nilicheka mpaka mkunga akanikanya.

Namshukuru Mungu aliyenisikia, na namshukuru kwa kidonge pia. Dada zangu mnaotamani mtoto, mwaminini Bwana, na msingoje tumbo. Nendeni kliniki sasa, mkaulize. Kuleni kunde, maharagwe, mchicha.

Na huyo anayerukaruka nje na kutuvurugia ibada ni Mwende wangu. Wazee wa kanisa, leo nawaomba, mwacheni aruke.